Chumvi ya Gunia

Wanawake wa Kashikishi walikuwa na musemo wao juu ya Mubanga: kuolewa kwake ni kuolewa na chumvi. Hawakukosea. Kwenye nyumba nyingi za ufuko wa ziwa Mweru chumvi inaombwa kwa jirani, kijiko leo, kijiko kesho, na jirani naye anakunja uso. Kwa Mubanga gunia lilisimama nyuma ya mulango mwaka mzima, chumvi ya mawe, chumvi ya kupakia samaki. Ndiyo kazi iliyomulisha. Wavuvi walileta samaki, makobo na kambale, yeye akawapasua mugongo, akawasugua chumvi mpaka ndani ya macho, akawapanga ndani ya pipa, na siku ya tatu wakatoka makayabu, samaki wa chumvi wa kuvuka ziwa kwenda Kilwa na Pweto upande wa Kongo, hata Lubumbashi. Muke wake Vicky, Mukongomani wa ng'ambo, alichota chumvi ya kupikia kwenye gunia hilo. Binti yao mumoja tu, Suwilanji, alikua akichota humo humo. Mutu mwenye gunia la chumvi akienda dukani kununua kapakiti, si atachekwa na mbwa?

Vicky alikufa miaka miwili iliyopita. Mimba nne zilitoka kabla hazijafika mwezi wa nne, na ile ya tano ilitoka na yeye mwenyewe, njiani, juu ya baiskeli, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Gari la mukubwa wa hospitali lilikuwa na mafuta. Mubanga aliliona kwa macho yake likipita na mikungu ya ndizi nyuma. Tangu siku ile hakuwahi kusema neno "serikali" bila kutema mate pembeni.

Basi mambo haya ninayoyaeleza yalianza mwezi wa kumi na moja, wiki mbili kabla ziwa lifungwe, uvuvi usimame. Wafanyabiashara walikuwa wakigombania samaki wa mwisho, na kati yao alikuwepo Emilienne. Huyu mama alikuwa muuguzi huko Pweto. Vita vilimuvukisha kwa mutumbwi mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, akalala Kenani chini ya hema pamoja na wakimbizi wengine, na alipotoka pale hakuna biro wala ofisi hata moja ya Zambia iliyotaka kuangalia makaratasi yake. Mikono iliyozoea kuzalisha wanawake ikaanza kufunga makayabu kwa kamba.

Siku moja Suwilanji alikuwa amesimama karibu na mapipa, amefunga chitenge kiunoni, anakunywa maji. Aliinua kidevu. Emilienne aliyekuwa akikagua samaki aliwaacha, akaenda, akaweka vidole viwili juu ya shingo ya yule binti, akamwambia ameze tena. Suwilanji akameza huku anacheka. Watu wakatazama. Shingo ile ilijaa mbele, laini, kama ya mamake. Kwa Mubanga na kwa majirani wote ilikuwa shingo nzuri, shingo ya mwanamuke anayeshiba.

Jessy, dada ya Mubanga, alikuwepo pia, akaona, akafunga uso wake kama mutu anayefunga duka.

Emilienne akamunong'oneza Jessy jambo, halafu akamuvuta Mubanga nyuma ya kibanda.

"Papa Mubanga, binti yako eko na mimba?"

Damu ilimupanda Mubanga kichwani. Kwa Wabemba baba haulizwi tumbo la binti yake, na akiulizwa hajibu. Maneno ya namna hiyo yana njia yao: yanapita kwa shangazi, shangazi anayapeleka kwa mwenyewe, na baba anabaki kipofu mpaka mutoto alie.

"Mama, maneno hayo hawaulizi baba."

"Najua. Shangazi yake nimemuuliza kwanza. Mudomo umesema hapana, jicho limesema ndiyo."

Kipofu wa namna gani yeye, aliyeona muke akitema mate asubuhi mara sita katika maisha yake? Tangu wiki nzima Suwilanji alikuwa akitema mate pembeni mwa mapipa na kugeuza uso kambale wakipasuliwa. Bwana yake Kingsley, waliyekaa naye hapo hapo kwa Mubanga, alikuwa kijiji cha Mununga kwenye uvuvi wa mwisho, na huenda hata yeye hajui.

Emilienne hakumungojea ajibu. Akauliza juu ya Vicky, mimba ngapi, zilitoka mwezi gani, shingo yake ilikuwaje. Halafu akauliza: ndani ya nyumba munapikia chumvi gani? Hapo Mubanga akajivuna kidogo. Akamuonyesha gunia tupu lililolala pale kibandani, la chumvi ile ile.

Emilienne akalikunjua, akasoma maandishi mekundu. Mubanga alikuwa na magunia ya namna hiyo chini ya godoro, juu ya paa, mulangoni pa kufutia miguu. Aliyakanyaga maandishi yale miaka zaidi ya ishirini. Shule aliiacha darasa la tatu, na Kiingereza kilimupita kama basi la watu wengine.

"Imeandikwa si ya chakula cha watu," Emilienne akasema. "Ni ya viwanda na ngozi na samaki. Haina iyodi ndani."

Akamueleza taratibu, kama mutu aliyekumbuka ghafla alikuwa nani zamani. Kuna dawa ndogo inaitwa iyodi, wanaitia kwenye chumvi ya pakiti. Tezi iliyo shingoni inaitaka hiyo ili kutengeneza homoni. Ikikosa, inavimba kwa kutafuta, na bukari, ugali wa muhogo usiolowekwa vizuri, unaongeza shida. Mutu muzima anaweza kuishi hivyo, anachoka tu, anasikia baridi, watu wanamuita muvivu. Shida ni yule aliye tumboni.

"Yule wa wiki za mwanzo hana tezi yake," akasema. "Eko kama punje ya haragwe. Homoni anaazima kwa mama. Hiyo homoni ndiyo inatembea kuambia mwili: hapa jenga ubongo, hapa jenga masikio, mufupa urefuke hivi. Ziko nyingine zinazosaidia kushika mimba mahali pake. Kama mama mwenyewe hana ya kutosha, mutoto ataazima nini? Wengine wanatoka. Wengine wanazaliwa, lakini akili haikumalizika kujengwa, masikio hayasikii. Na siku za kujenga zikipita, zimepita, hata ukimupa dawa gunia nzima."

Mubanga hakujua homoni. Lakini kitu kimoja alikijua kuliko munganga yeyote. Samaki anatiwa chumvi siku ile ile anayotoka majini. Ukimuchelewesha mpaka siku ya tatu, hata umuzike ndani ya chumvi, ngozi itakauka vizuri, mununuzi atamusifu, na karibu na mufupa ameshaoza. Kila mwanafunzi wa kazi ile alifanya kosa hilo mara moja. Mubanga akalikunja lile gunia, maandishi yakabaki ndani.

"Eko wiki ya ngapi?"

"Kwa jicho langu, ya sita. Mutoto anaanza kutengeneza yake mwezi wa tatu ukiisha. Mupeleke hospitali wapime damu, wampe vidonge. Na chumvi mubadilishe leo."

Asubuhi yake Mubanga alivaa shati la kanisani akaenda hospitali. Alikaa kwenye benchi mpaka jua likafika katikati. Muuguzi aliyemupokea alikuwa kijana, ana simu mukononi, akauliza mugonjwa yuko wapi. Mubanga akasema yuko nyumbani, ni binti yake, ana uvimbe wa shingo na ni mujamuzito wa siku chache. Yule muuguzi akamuangalia, akamuita mwenzake aje asikie. Wakacheka. Batata, yaani baba, wakamwambia, siku hizi akina baba ndio wanabeba mimba za mabinti zao kuzileta hapa? Wakamueleza kwamba dawa haipewi mutu ambaye hayupo. Kwamba aje mwenyewe na bwana yake. Kwamba wanawake huja tumbo likionekana, ndipo wanaandikiwa kadi. Na damu ya namna hiyo hawaipimi pale, inapelekwa mujini Mansa, na Mansa nao wamesema dawa ya mashine imeisha, labda mwezi ujao.

Hayo ya kwamba mugonjwa aje mwenyewe yalikuwa na haki yao, hata Mubanga aliona hivyo. Lakini kuja tumbo likionekana? Kwa nini hakuna aliyetembea ufukoni kusema wiki sita ndiyo wiki? Kila mwezi walikuja wakubwa sokoni. Walikuja kwa ushuru. Walikuja kupima macho ya nyavu. Mwaka wa kura walikuja na vitenge. Wote walipita pembeni ya magunia ya Mubanga, watu waliosoma mpaka wakavaa miwani, na hakuna hata mumoja aliyeinama kusoma maneno mekundu na kuuliza: muzee, hii munaila?

Alirudi kwa njia ya bandarini. Boti la doria lilikuwa limepakwa rangi mupya, askari wawili wanajaza mafuta. Baada ya wiki mbili wangeanza kuzunguka ziwa na bunduki, miezi mitatu, ili makobo watage mayai yao bila kusumbuliwa. Mubanga alisimama akaangalia mafuta yanavyoingia. Mimba ya samaki ina boti, ina askari, ina sheria. Mimba ya Vicky ilikuwa na baiskeli.

Akatema mate, akaenda kwa dada yake.

Alimukuta Jessy akigeuza mihogo iliyoanikwa. Alimwambia yote kwa heshima, akizunguka kama inavyopasa, bila kutaja neno lenyewe. Akasema kuna mutu nyumbani anayehitaji chumvi ya pakiti na kupelekwa mahali, na wa kumupeleka ni shangazi yake. Jessy alisikiliza bila kuacha mihogo. Yeye ndiye aliyemufunga Suwilanji uzi mweupe wa kulinda mimba kiunoni na kumuapisha asimwambie mutu, hata mama mukwe, mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

"Yaya, kaka yangu," akasema mwishoni, "mugeni aliye njiani hatangazwi. Ukimutaja jina kabla hajafika mulangoni, anarudi. Vicky alikuwa na mudomo. Kila mara alikimbia kuambia soko nzima. Uliona."

Akageuza muhogo mwingine.

"Na yule Mukongomani wako amemushika mutoto shingo mbele ya watu. Unajua alichokuwa nacho kwenye vidole?"

"Ni chumvi tu ninayoomba, Jessy. Abadili chumvi."

"Chumvi hii imekuua wewe? Imemuua baba yetu?"

Na hapo alikuwa na ukweli wa aina yake, kwa sababu wote waliila. Njiani ndipo Mubanga alikumbuka kwamba Jessy mwenyewe aliolewa Kitwe, watoto wake watatu aliwazaa huko, kwa chumvi ya dukani. Lakini mutu hageuki kurudi kwa dada kama Jessy kumwambia jambo kama hilo.

Akaamua kufanya alichoweza bila kufungua kinywa. Alinunua pakiti sita za chumvi, akaziweka juu ya kiti mbele ya jiko la Suwilanji. Gunia akaliburuta mpaka kwenye kibanda cha samaki, akatia kufuli. Jioni Suwilanji alikuja na sahani yake ndogo kama siku zote.

"Ya gunia ni ya samaki," Mubanga akamwambia, akiangalia pembeni.

"Na sisi, Batata?"

"Chukua zile pakiti."

Suwilanji alichukua moja, akaigeuza kwenye kiganja. Mubanga hakuona uso wake, maana alijilazimisha asiuangalie. Angeuangalia, angeona. Binti aliyekua akisikia kwamba nyumbani kwao chumvi haiombwi wala haipimwi, leo anapimiwa kwenye karatasi. Bwana yake ni muvuvi ambaye kesho ziwa litafungwa, atakuja kula hapa; basi baba ameanza kuhesabu midomo. Hivyo ndivyo Suwilanji alivyolisoma jambo hilo. Alirudisha ile pakiti juu ya wenzake.

Siku kumi na moja Mubanga alikula sombe, majani ya muhogo yaliyokolea vizuri, akafurahi kimya kimya. Alikula mpaka akaongeza. Kila tonge alilimeza akihesabu wiki: ya saba, ya nane.

Siku ya kumi na mbili Zacharia, mupakia chumvi mwenzake wa kibanda cha pili, alimupigia kelele kwa kejeli mbele ya wavuvi.

"Ba Mubanga, siku hizi munaomba chumvi kwangu? Au gunia lako limeolewa limekwenda?"

Wavuvi wakacheka. Mubanga akauliza maana yake nini. Zacharia akasema binti yako anakuja kila siku na sahani, mimi ninamujazia, chumvi ni chumvi, hatunyimani. Mubanga akaangalia nyuma ya Zacharia. Gunia lile lile. Maandishi mekundu yale yale. Wote wawili walinunua kwenye lori moja.

Alienda mbio mpaka nyumbani, mutu wa miaka hamsini na kitu, na viatu vya mpira vinapiga kelele. Pakiti sita zilikuwa chini ya benchi, zimepangwa vizuri. Mvua za kwanza zilikuwa zimeingia ndani ya mbili na kuzifanya matope.

Suwilanji alikuwa akimenya muhogo mbele ya jiko. Mubanga akavuta kiti, akaketi karibu yake kuliko baba anavyoketi karibu na binti aliyeolewa. Akafikiri juu ya Jessy. Akafikiri juu ya njia ndefu ambayo neno linapaswa kupita, na namna kila mutu kwenye ile njia amesimama ameziba.

"Suwilanji, una mimba."

Kisu kilisimama. Binti akavuta chitenge kutoka mabegani akajifunika kichwa chote, akabaki kama mutu wa msibani.

Mubanga hakuacha. Alijua akiacha hataanza tena. Alimwambia shingo ile si uzuri. Alimwambia mamake hakufukuza watoto kwa mudomo wake, walitoka kwa njaa ya kitu kilichokosekana ndani ya chumvi, na chumvi aliileta yeye, Mubanga, kwa mikono yake, akijivuna. Akasema aliye tumboni sasa hivi anaazima kwako, na wewe huna, na kila siku inayopita kuna kitu mwilini mwake kilichopaswa kujengwa na hakikujengwa. Sauti yake ilikuwa mbaya, kama anagomba, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine.

Mukono ukatoka chini ya chitenge, ukalaza kisu chini.

"Batata," Suwilanji akasema, "umeisema."

Hakusema lingine. Alisimama, akaingia ndani, na muhogo ukabaki nusu ukiwa umemenywa.

Lakini alimutii. Binti wa Mubanga na Vicky alilelewa kutii, na alikuwa peke yake. Kesho yake alienda hospitali na Emilienne. Wakatoa damu, ikaenda Mansa, na majibu yake mpaka leo hayajarudi. Emilienne alituma mutu Pweto kwa rafiki yake wa famasi, vidonge vikavuka ziwa ndani ya mufuko wa sukari. Suwilanji akameza kimoja asubuhi kabla ya kula, kama alivyoelezwa. Akapika kwa chumvi ya pakiti. Hakumutazama baba yake usoni hata siku moja, akiweka chakula aligeuza shingo. Mubanga alivumilia. Alijiambia aibu inapona. Usiku mumoja ulipita, wa pili, wa tatu, wa nne.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, Suwilanji alimwita Jessy kwa sauti ndogo.

Wanawake waliingia, mulango ukafungwa. Mubanga alibaki kwenye mapipa akisugua samaki aliyekwisha kusuguliwa. Hakuna aliyekuja kumwambia, na hakuhitaji kuambiwa. Aliona beseni linavyotoka limefunikwa na kitambaa, na Jessy anavyolibeba kwenda nyuma ya migomba. Ilikuwa wiki ya tisa. Hospitalini baadaye waliandika kwenye kadi kwamba mimba imetoka, na mahali pa kuandika sababu wakapiga mustari.

Jessy hakumugombeza. Heri angemugombeza. Alisimama mbele yake na mikono iliyonawa, akamuangalia tu, halafu akaenda zake.

Kingsley aliporudi kutoka Mununga, ziwa limefungwa, alimukuta muke wake amekwisha kufunga mizigo. Wakahamia kijiji cha Puta, kwa mamake Kingsley. Suwilanji hakuaga. Alituma neno kwa shangazi, kwa njia yake sawasawa: asipelekewe kitu chochote kutoka mukono wa baba yake, wala neno lolote kutoka kinywa chake.

Emilienne alipopita kuaga, maana bila samaki hana la kufanya Kashikishi, Mubanga alimuuliza swali alilokuwa amelibeba wiki nzima.

"Ni mudomo wangu?"

"Hapana. Mudomo hautoi mimba." Alifikiri kidogo. "Labda homoni ilikuwa imekwisha kuchelewa. Labda ni kitu kingine kabisa. Nyingi zinatoka na hakuna munganga anayejua. Vidonge vya siku nne haviwezi kujenga nyumba."

"Basi nenda Puta umwambie hivyo."

"Mimi?" Emilienne akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi ndiye niliyemushika shingo, Papa Mubanga. Kwao tuko wauaji wawili."

Alimuandikia jina la vidonge kwenye kipande cha katoni. Mubanga hakuweza kulisoma. Alikiweka tu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipita, na wa kwanza. Mubanga alikaa bila kazi kama kila mutu wa ufuko, akisikiliza boti la doria. Mara mbili alikwenda biro ya wilaya kusema kwamba magunia yale yaandikwe kwa Kibemba na kwa Kiswahili, au yapigwe alama ya fuvu kama sumu ya panya, ili hata mujinga aelewe. Mara ya kwanza mukubwa alikuwa kwenye mukutano. Mara ya pili alimukuta, akamusikiliza, akamwambia jambo hilo ni la wizara nyingine. Zacharia alipoambiwa habari ya chumvi alisema maskini, huzuni imemupanda kichwani; na jioni muke wake akachota gunia kama kawaida.

Katikati ya mwezi wa pili Kingsley alikuja na baiskeli kuchukua vyungu vilivyobaki. Alikuwa kijana mwenye adabu, hakuwahi kumutazama baba mukwe machoni zaidi ya mara moja kwa siku. Mubanga alimungoja amalize kufunga vyungu. Halafu akatoa katoni nzima ya chumvi ya pakiti, ishirini na nne, na vidonge viwili vya Emilienne vilivyobaki kwenye karatasi yake, na kile kipande cha katoni. Akamueleza kila kitu. Safari hii hakuzunguka. Alitaja shingo, tezi, homoni, mimba, wiki sita, wiki kumi na mbili, maneno ambayo mukwe hasikii kutoka kwa baba mukwe mpaka kufa. Kingsley alisikiliza huku anaangalia mupira wa baiskeli.

"Batata," akasema mwishowe, "amesema nisipokee kitu kutoka mukono wako."

"Najua."

"Mimi si mutu wa kumudanganya muke wangu."

"Najua hiyo pia."

Mvua ndogo ilianza. Kingsley alijipapasa mufukoni, akatoa sarafu ya kwacha moja, akaiweka juu ya pipa.

"Unauza?"

Mubanga alichelewa kuelewa. Halafu akajibu kwa kichwa.

"Basi nimenunua," Kingsley akasema. "Sikupokea."

Alianza kupanga pakiti ndani ya vyungu, moja moja, akizifunika na nguo. Mubanga akamusaidia. Alitaka kuuliza kama huko Puta kuna habari yoyote, kama yule binti anaamka vizuri asubuhi, kama anakula kambale. Akachukua pakiti nyingine. Alikuwa ameshauliza ya kutosha kwa maisha yake yote.

"Kule mama anapikia ya gunia," Kingsley akasema bila kuinua uso. "Puta nzima."

"Mumwage."

"Hatakubali. Na Suwilanji atajua. Ile ya gunia ina uchungu kidogo mwisho wa ulimi. Hii haina. Akionja mara moja atauliza imetoka wapi."

Mubanga alishangaa. Miaka yote ile hakujua kama chumvi yake ina uchungu. Alidhani ndiyo ladha ya chumvi. Alisimama kwenye mvua akijaribu kukumbuka mboga za Vicky zilikuwaje mwisho wa ulimi, na hakukumbuka.

"Basi changanya," akasema. "Leo kijiko kimoja ndani ya ile yao. Wiki ijayo viwili. Uongeze pole pole mpaka ulimi uzoee, mpaka yote iwe hii." Akaangalia huku na huku, kama mwizi. "Na wewe usiseme kitu. Kwa mutu yeyote."

Kingsley akakubali kwa kichwa, akakaza kamba, akasukuma baiskeli yake kwenye matope ya barabara ya Puta.